Nina Sukari, na Barafu Nakula

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari hapa Tanga mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima: asidi, joto, uzito wa vipunje kwenye mizani inayotetemeshwa hata na pumzi. Kwa hiyo kliniki waliponiambia nina kisukari sikubishana na namba. Kilichonisumbua ni karatasi niliyopewa nikitoka. Ilikuwa makatazo matupu. Usile hiki, usinywe kile, punguza hiki, kile acha kabisa. Niliisoma mbele na nyuma nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba saa tisa alasiri, jua la Ngamiani likiwa limelalia bati, mtu aliyezoea soda baridi ashike nini mkononi. Hapakuwapo.

Elimu sikuikosa. Soda ya chupa ya mililita 350 hubeba sukari inayozidi gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiweza abaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima, pamoja na ile ya kwenye chai na maandazi. Shuleni nilikuwa nawachemshia wanafunzi soda kwenye bika mpaka maji yote yanakwenda na kubaki uji mweusi unaonata vidoleni. Walishika vichwa, waliapa, na kengele ya mapumziko ikilia wote tulielekea kantini. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema watu wakielimishwa watabadilika, namwacha aendelee kusema. Mimi nilikuwa mwelimishaji.

Karatasi ile niliishika kwa miezi. Maji, chai ya rangi isiyo na kitu, matango. Nikawa mkali nyumbani, hata wajukuu wakaanza kupitia uani badala ya barazani. Mke wangu miaka yote ametengeneza barafu za ukwaju na za maziwa kwa ajili ya watoto. Akaanza kuzisogeza nyuma ya mifuko ya samaki kwenye friza nisizione. Nilijua zilipo. Na utamu peke yake nisingeulilia. Nilikosa ule ubaridi unaopanda mpaka kwenye paji la uso. Nilikosa kitu cha kunyonya taratibu nimekaa barazani, watu wanapita, wananisalimia, siku inasogea. Ukimnyang'anya mtu kitu cha namna hiyo bila kumpa kingine, umemwachia saa nzima tupu, na saa yangu tupu ilikuwa inajua njia ya dukani kwa Mangi.

Aliyeniletea jibu ni mjukuu wangu wa kike, wa darasa la pili wakati ule, na wala hakujua kama analeta jibu. Alichukua mtindi wangu wa mchana, akaumimina kwenye kikombe cha bati chenye vipande vya embe dodo, akachomeka kijiko katikati, akakiingiza friza kwa sababu anazozijua yeye, kisha akaenda kucheza rede. Baadaye nilisoma kwamba lambalamba za kijiti, kama inavyosimuliwa, zilianza vivyo hivyo: mtoto wa miaka 11 huko California, Frank Epperson, mwaka 1905 alisahau nje kikombe cha kinywaji chenye kijiti cha kukorogea, usiku ukawa wa baridi, asubuhi akakuta kimeganda. Mjukuu wangu hakuwa na baridi ya nje. Alikuwa na friza yenye nguru.

Kesho yake nilikitoa kikombe, nikakimwagia maji mpaka kikaachia, nikalamba. Kilikuwa kigumu kama tofali, na kilinuka samaki. Lakini chini ya samaki palikuwa na embe, chini ya embe palikuwa na uchachu wa mtindi, na vyote vilikuwa baridi. Nilikimaliza nimesimama.

"Baba watoto, hicho kinanuka," mke wangu akasema.

"Kinanuka, ila hakina sukari ya mfukoni."

"Basi nipe nionje."

Akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Tangu siku hiyo maabara ikahamia jikoni, kwa sharti moja la mwenye jiko: vyombo nitaosha mwenyewe.

Nianze na maziwa, maana hapo ndipo wengi wanapokwenda dukani kununua yogati ya kikopo halafu wanashangaa sukari imetoka wapi. Imetoka kwenye kikopo. Yogati nyingi za matunda zinazouzwa zimekwisha kutiwa sukari kiwandani, soma pembeni. Sisi wa Tanga hatuna sababu ya kuhangaika. Mkoa huu una ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani mpaka kwenye viambo vya mjini, na mtindi wa Tanga Fresh unanyweka hata Dar es Salaam. Mimi maziwa huletewa na kijana wa baiskeli kutoka upande wa Pongwe. Nayachemsha mpaka nyuzi 85 na kuyaweka hapo kwa muda bila kuyaacha yafure, kwa sababu joto hilo, mbali na kuua vijidudu, huzilegeza protini za maziwa zikashikana vizuri zaidi wakati wa kuganda. Halafu nayaacha yapoe mpaka nyuzi 44 hivi, natia kijiko cha mtindi wa jana usio na sukari, nakoroga, namimina kwenye hotpoti ya wali, nafunika kwa blanketi. Baada ya saa sita hadi nane, mtindi umelala.

Mke wangu hana kipimajoto. Huosha mkono, huchovya kidole cha mwisho, na kuhesabu polepole mpaka kumi. Kidole kikistahimili, anatia mtindi wa jana. Siku moja nilimfuata nyuma na kipimajoto changu. Nyuzi 44. Nilikirudisha kwenye droo bila kusema kitu.

Wanaofanya kazi ndani ya hotpoti ni bakteria wa aina mbili, na mmoja wao anaitwa bulgaricus kwa sababu aliyemtambua alikuwa Mbulgaria, Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari mjini Geneva. Mwaka ulikuwa huohuo 1905, mwaka wa kikombe cha Epperson, kwa hiyo nauheshimu. Wamaasai wa Handeni na Kilindi hawakumsubiri Grigorov, bila shaka. Mtindi wao wa kibuyu kilichofukizwa moshi wa kijinga una harufu ambayo hakuna kiwanda kitakachoiweza. Niliwahi kuugandisha na ndizi mbivu. Wajukuu walikataa kabisa. Mimi niliona ndiyo barafu ya watu wazima.

Watu wengine huniuliza kama bakteria hao hawafi wakigandishwa. Wengi hawafi; hulala, na ubaridi wa friza ya nyumbani hauwatoshi kuwamaliza wote. Lakini nisiuze mtindi kama dawa. Nilikuwa na njaa ya kitu baridi, mtindi ukanipa kitu baridi. Mengine ni faida.

Sasa lile tofali. Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa sana, zaidi ya asilimia 85, na maji yakiganda polepole hujenga fuwele kubwa za barafu, zile unazozitafuna zikalia. Aiskrimu ya dukani haifanyi hivyo kwa sababu ya mafuta, kwa sababu ya mashine inayoikoroga wakati inaganda na kuipuliza hewa, na kwa sababu ya sukari. Hili la sukari watu hawalijui. Sukari iliyoyeyuka kwenye maji huyazuia yasigande yote; kila kijiko unachoongeza kinashusha kidogo kiwango cha kuganda, ndiyo maana aiskrimu huchoteka kwa kijiko hata ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiiondoa sukari, umeondoa na ulaini. Mtu wa kisukari anayetaka barafu laini anaomba mambo mawili yasiyopatana.

Nilikaa na tatizo hilo kwa raha kubwa. Miaka yote nilikuwa napima vitu vya mtaala. Sasa nilikuwa napima kitu changu.

Kwanza, kuchuja. Mtindi naumimina kwenye kitambaa safi cha melikini, nakifunga ncha, nakining'iniza juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi maji ya kijanikijani yametiririka chini, na kitambaani umebaki mtindi mzito unaosimamisha kijiko. Umetoa maji, umetoa fuwele. (Maji yale hayamwagwi, mke wangu anayakandia unga wa chapati, na chapati zinakuwa laini kuliko za maji ya bomba.) Pili, friza ijae ubaridi kabla ya kuweka kitu, na barafu iwekwe kwenye vyombo vipana na vyembamba, ili igande upesi, upesi huzaa fuwele ndogo. Tatu, ukiwa na subira, toa baada ya kila nusu saa, ukoroge kwa uma mpaka itakapokataa. Na funika. Mafuta ya maziwa hunywa harufu ya jirani yake, na jirani wa kila kitu kwenye friza za Tanga ni samaki.

La nne niliokota Soko la Mgandini, kwa mama anayeuza ubuyu. Unga wa ubuyu una pektini nyingi, ileile inayogandisha jamu, na pektini hushika maji yasikimbie kwenda kujijengea fuwele. Kijiko kimoja kikubwa kwenye bakuli la mtindi, na barafu inakubali jino. Tena unaongeza uchachu wake. Kuna watu wanaupaka ubuyu rangi nyekundu na sukari, wakati mweupe mkavu ndio wenye kazi.

Tatizo la mwisho lilikuwa kwenye ulimi. Ubaridi hupunguza utamu unaosikika. Aiskrimu ikiyeyuka mezani ndipo unapogundua ilivyo tamu ya kukera. Watengenezaji wanajua, kwa hiyo wanazidisha. Mimi nisiyetaka kuzidisha nilibaki na njia za mzunguko. Tunda liwe limeiva hata limeanza kuwa na madoa, siku ambayo muuzaji anataka kulitupa. Chumvi, ile ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Ganda la limau likunwe kidogo. Na iliki. Hapa mkoani iliki inatoka milima ya Amani, na ukiisaga ukaitia kwenye mtindi wa embe, pua inauambia ulimi kwamba hiki ni kitamu, na ulimi unakubali. Udanganyifu huu nimeupima kwa wageni wengi, na wote wameniuliza nimetia sukari kiasi gani.

Embe dodo ndilo mwalimu. Nyama yake ina nyuzi laini na uzito, ukiisaga na mtindi uliochujwa inaganda vizuri hata ukiwa mvivu. Shida ya embe ni kalenda: kwetu pwani msimu mkubwa unaanza Novemba na ukifika Machi unakuwa unasaka. Ndiyo sababu wakati wa msimu friza yetu inajaa vipande vya embe, na samaki wanahamia kwa jirani. Pasheni ni kali na ina harufu inayotoka nje ya nyumba. Ukwaju ulikuwa na sifa mbaya kwenye maziwa kwa sababu huyakata. Kwenye mtindi hauna la kukata, yamekwisha kukatika. Stafeli linataka uvumilivu, maana mbegu zote zitolewe kwa mkono kabla blenda haijawashwa, si za kuliwa wala kusagwa. Nikiulizwa tunda moja la mgonjwa wa sukari, nasema parachichi bila kusubiri swali liishe. Lina mafuta yanayolainisha, lina sukari kidogo mno, na likikutana na mtindi, ndimu na iliki linatoa barafu ya kijani ambayo mke wangu anaiita ya bwana. Tikitimaji usijisumbue. Ni maji yenye rangi.

Nanasi lilitutesa. Siku ya kwanza barafu yake ilikuwa ya sherehe. Siku ya tatu ilikuwa chungu, uchungu wa dawa, umekaa nyuma ya ulimi. Nilibadilisha nanasi, nikabadilisha maziwa, nikaosha friza nzima. Ilikuwa chungu vilevile. Papai nalo likaanza tabia hiyo, kwa kiasi kidogo. Nilikuwa nimekaa na daftari, nikichora jedwali la matunda na siku, mke wangu akiwa anamenya papai bichi upande wa pili.

"Unachora nini saa hizi?"

"Natafuta kwa nini nanasi linakuwa chungu."

"Na papai?"

"Na papai."

Akaliinua lile papai bichi aliloshika. "Mimi hili nalipaka nyama ya pilau inalainika. Linakula nyama. Sasa wewe unaliweka na maziwa siku tatu, unategemea lisile?"

Niliweka kalamu chini. Nanasi lina kimeng'enya kinachokata protini, bromelaini. Papai lina ndugu yake, papaini, tele likiwa bichi na hupungua likiiva. Protini za maziwa zikikatwa vipande vidogo, baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Vimeng'enya nimewaandalia watoto wa watu majaribio yake miaka na miaka, mirija ya kioo imepangwa safu, na jibu langu lilikuwa kwenye sufuria ya pilau. Dawa yake ni moto. Chemsha vipande vya nanasi dakika chache, kimeng'enya kinakufa, acha vipoe, changanya. Harufu inapungua kidogo. Uchungu haurudi.

Kliniki nilikwenda na daftari. Nesi wetu ni binti mdogo, mwenye adabu na asiye na huruma.

"Shikamoo mzee. Hii barafu yako tunda unatia kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu. Tunda ni tunda, si sukari."

"Mzee wangu, tunda lina sukari. Na ukilisaga unakunywa maembe matatu bila kujua."

Hakunibembeleza. Alinionyesha kiganja chake: tunda lililokatwa, la kujaa hapo, kwa mara moja, na ndizi mbivu au embe viwe vichache kuliko parachichi na pasheni. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, kama gramu tano kwa kila gramu 100, nayo ihesabiwe. Akaniambia nitumie kile nilicho nacho, akimaanisha mashine ya kupimia sukari. Basi nikaanza kujichoma kidole kabla ya barafu na saa mbili baada yake, nikiandika. Embe nyingi ilinipandisha, kama alivyosema nesi. Parachichi na ubuyu havikunisogeza sana. Nanasi lilikuwa katikati. Kila mwili una tabia zake na simwambii mtu afuate jedwali langu. Namwambia anunue vipimo vyake.

Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa inacheza juu ya kumi. Sasa siku nyingi iko chini ya saba, kiwango ambacho kukifikia au kukivuka ndiko kunakomfanya mtu aitwe mgonjwa. Nisichukue sifa isiyo yangu wala ya mtindi: ninameza dawa zangu, natembea mpaka Raskazone na kurudi, na wali nimeupunguza. Lakini mambo hayo yote yalikuwa kwenye karatasi tangu mwanzo, na yalinishinda mpaka nilipopata kitu cha kushika saa tisa. Ndipo hata kutembea kukawa rahisi. Mtu asiye na kinyongo anatembea.

Ulimi ulibadilika bila kunishauri. Kwenye harusi ya mpwa wangu, meza ilijaa soda, nikafunguliwa moja kabla sijasema neno. Nikanywa mafunda mawili kwa heshima ya meza. Ilininata kooni, na harufu yake, ambayo niliipenda miaka arobaini, sasa ilikuwa ya pipi iliyoachwa mfukoni. Nikaisukuma kwa kijana wa jirani. Hakuna aliyeniona, na hilo lilinifurahisha kuliko kama wangeniona na kunipongeza.

Watoto wa mtaa ndio waliofanya jambo hili kuwa la biashara. Walianza wawili, rafiki za mjukuu, kisha wakawa wanapanga foleni mlangoni: "Shikamoo babu, barafu ipo?" Mke wangu akaona babu anagawa mtaji, akatundika kibao. Za kuuza tunaziweka kwenye vikombe vidogo vyenye vijiti, maana vile vifuko vya kufunga fundo mtoto huving'ata kwa nje, na kwa nje ndiko kumepita mikono yote. Kama unatumia vifuko, vioshe kwanza kwa nje kwa maji safi. Ramadhani, baada ya tarawehe, hatupumui.

Kuhusu sukari kwenye zile za kuuza tulibishana, na kwa haki. Yeye alisema mtoto hanunui uchachu. Mimi nilisema mtoto hanunui kisukari pia, akaniambia nisitangaze msiba mbele ya wateja. Tulikubaliana apunguze kijiko kimoja kwenye ndoo kila baada ya wiki kadhaa, aongeze tunda lililoiva zaidi na iliki, na atakapopoteza mteja tusimame hapo. Tumesimama chini ya nusu ya alikoanzia. Mteja aliyelalamika ni mmoja, mzee mwenzangu, na yeye sukari yake iko juu kuliko yangu.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha mengine. Friza ikizimwa kwa saa sita, barafu inalegea, na barafu iliyoyeyuka haigandishwi tena: fuwele zinarudi kubwa, na ikishapata joto la Tanga usalama wake hauna mdhamini. Tukajifunza kuijaza friza chupa za maji yaliyoganda ili ubaridi udumu, na kutoifungua hovyo. Iliyoanza kulegea lakini bado baridi tuliinywa hapohapo kwa bilauri, familia nzima imesimama uani gizani, na wajukuu wakaanza kuombea umeme ukatike. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipoanza kuzalisha umeme, nilikuwa miongoni mwa waliofuatilia habari ile kwa sababu ya barafu.

Siku ya Kisukari Duniani ni Novemba 14, siku aliyozaliwa Frederick Banting, aliyegundua insulini akiwa na wenzake mwaka 1921. Kwetu inaangukia embe zinapoanza. Nesi aliniomba nipeleke barafu kliniki, nikapeleka za parachichi na chache za embe, zimeandikwa kila moja ina nini. Karatasi ile ya makatazo bado wanaigawa, na iko sahihi yote. Ila sasa nyuma yake, upande mtupu, nesi amepiga chapa maelezo yangu ya kuchuja mtindi, kwa ufupi, na mchoro wa kiganja.

Wiki hii tuko kwenye mabungo. Nyama yake imeng'ang'ania mbegu, inabidi uyaloweke na kuyapikicha kwa mkono mpaka rangi ya chungwa itoke, na ukali wake unafumba jicho. Mke wangu anasema bila sukari mabungo hayaliwi, kijiko kimoja tu, hata nesi hataona. Mimi nasema ndizi mbivu moja na ubuyu upunguzwe. Mjukuu, ambaye sasa yuko darasa la tano na anajiona mwenye kampuni, ameamua tutengeneze bakuli mbili na mtaa ndio upige kura. Nimenunua mabungo mengine.